Lori la kivita la zamani: bombomu ibaki juu au ishushwe?

Kila lori la kivita la zamani linapotoka karakanani likiwa limepakwa upya rangi yake ya kijani, swali moja humfuata mwenye lori hadi uwanja wa maonyesho: bunduki ifungwe au isifungwe? Wapenzi wa magari haya wamegawanyika, na kila upande una hoja za kweli. Wa kwanza wanasema lori lililokwenda vitani na bombomu juu ya kebini halijakamilika bila bombomu hiyo. Wa pili wanasema silaha barabarani, hata iwe imelehemiwa isipige tena, inatisha watu na kuwachafulia jina wote wanaotunza magari haya. Nimezisikiliza hoja hizo kwa muda mrefu. Kila mara naona zinaruka swali ambalo lingepaswa kutangulia: lori hili lilikuwa na kazi gani?

Chukua GMC CCKW, lori la Marekani la tani mbili na nusu, lenye ekseli tatu zote zikivuta. Kati ya 1941 na 1945 yalitengenezwa zaidi ya 500,000, na hadi leo ndilo lori la Vita Kuu ya Pili ambalo watu wengi hulijua kwa sura. Utaratibu ulikuwa kwamba takriban lori moja katika kila manne lifungwe pete ya chuma juu ya upande wa utingo, kwa ajili ya bunduki ya M2 ya Browning. Ndege za adui zikishambulia msafara, utingo alisimama juu ya kiti chake, kifua kikatokeza katikati ya pete, akaisukuma bunduki kuizunguka pete hiyo yote ikiwa juu ya vigurudumu vidogo. Bunduki peke yake, bila kiegemeo, ina uzito wa kilo 38 hivi. Hupiga risasi za milimita 12.7 kwa mwendo wa 450 hadi 600 kwa dakika, maana yake mkanda wa risasi 100 unakwisha kabla ya sekunde 15. Utingo alikuwa na nafasi moja, labda mbili, halafu ni kubadilisha mkanda huku lori likirukaruka mashimoni.

Anayeona pete hiyo ikiwa tupu hawezi kuyaelewa haya yote. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote ya wanaotaka bunduki ibaki, na mimi naikubali. Ukiishusha, dereva na utingo wake wanageuka wachukuzi waliokuwa wakiendesha kwa raha nyuma ya mstari wa mapigano, na kumbe hawakuwa hivyo. Bunduki ile inasema kwamba kifo kiliweza kuwashukia kutoka angani wakiwa wamebeba petroli. Mtoto anayeinua macho na kuuona mtutu umeelekezwa mawinguni atauliza swali sahihi bila kufundishwa: walikuwa wanaogopa nini huko juu?

Sasa rudi kwenye ile hesabu. Ikiwa moja katika manne lilikuwa na pete, matatu hayakuwa nayo. Lakini pita kwenye maonyesho ya magari haya uone pete zilivyo nyingi. Pete na nguzo za kufungia bunduki zinauzwa, nyingine za asili na nyingine zimefuliwa upya, na mwenye lori ambalo halikuwahi kubeba silaha anaweza kulifunga moja kwa siku chache. Mara nyingi chuma chenyewe huonyesha: mashimo ya bolti yaliyotobolewa juzi, kingo bado kali, rangi ya ndani ya tundu haina umri wa rangi iliyo pembeni yake. Kwa jipu ni hivyo hivyo. Majipu ya Willys na Ford yalitengenezwa yapata 640,000, na sehemu kubwa yalibeba maofisa, redio, machela na barua. Anayeyajua kupitia maonyesho peke yake atadhani kila jipu lilikuwa na bombomu katikati.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa upande wa kwanza, na siyo kwa sababu ya woga. Bunduki inameza hadithi ya lori. Kazi kubwa iliyolipa CCKW sifa ilikuwa kubeba mizigo. Kuanzia Agosti 25 hadi Novemba 16, 1944, baada ya majeshi ya Washirika kuvunja ngome za Wajerumani huko Normandy, Ufaransa, na kukimbia mbele kuliko chakula na mafuta yao, Jeshi la Marekani liliendesha msafara wa malori ulioitwa Red Ball Express. Barabara zilitengwa, za kwenda na za kurudi, na raia hawakuruhusiwa kuzitumia. Kilele chake yalifika magari 5,958 yakipeleka takriban tani 12,500 za shehena kwa siku. Madereva walilala saa chache, wakapokezana usukani, wakaendesha usiku kwa taa zilizozibwa zikabaki vijitundu. Karibu robo tatu yao walikuwa Wamarekani weusi, katika jeshi ambalo wakati huo liliwatenga na wazungu na kuwasukumia wengi wao kwenye vikosi vya huduma. Vifaru vya Jenerali Patton vilisonga kwa petroli iliyoletwa na mikono yao.

Lori moja la msafara ule likiwekwa uwanjani, nyuma likiwa na majerikani, masanduku ya makombora ya mizinga na turubai lililochakaa, linaweza kuwarudishia watu hao heshima yao. Lori hilo hilo likifungwa bombomu ambayo halikuwahi kuwa nayo, macho yote yataishia kwenye mtutu. Tazama familia zinapofika: watoto hukimbilia bunduki, baba hupiga picha ya bunduki, na nyuma ya lori hakuna anayechungulia. Siwalaumu, jicho la binadamu hufuata silaha. Ndiyo maana mwenye lori hana budi kufikiri kabla ya kuifunga.

Wa upande wa pili nao wana hoja ambayo wenzao huipuuza upesi mno. Wanasema bunduki juu ya gari siyo kumbukumbu ya zamani kwa kila anayeiona. Mwaka 1987 jeshi la Chad liliwatimua wanajeshi wa Libya kaskazini mwa nchi kwa pikapu za Toyota zilizofungwa silaha, na baada ya dola ya Somalia kuanguka mwaka 1991 pikapu za namna hiyo zikawa ndiyo sura ya vita mitaani. Mtu aliyekimbia vita vya aina hiyo, akasimama kando ya barabara katika nchi iliyompokea, kisha msafara wa magari ya kijani ukapita na mitutu juu, hawezi kuambiwa "usiogope, ni ya maonyesho" kabla moyo wake haujashtuka. Wanaosema watu wazoee wanamdai mgeni jambo ambalo wao wenyewe hawajawahi kudaiwa.

Zipo pia bunduki za mfano zinazolipua mchanganyiko wa gesi ili zitoe mlio wa bombomu. Kwenye uwanja uliozungushiwa kamba na watu wakatangaziwa mapema, sina neno. Nje ya hapo ni kuwatia watu hofu ya bure.

Sheria zimejaribu kuyaweka sawa haya, kila nchi kwa njia yake. Uingereza ilipiga marufuku bunduki za rashasha kwa raia, kisha sheria ya 1988 ikaweka utaratibu rasmi wa kuua silaha: mtutu unazibwa na kukatwa, sehemu za ndani zinasagwa au kulehemiwa, na silaha inapewa cheti. Masharti yalikazwa mwaka 1995, yakakazwa tena 2016 pale Umoja wa Ulaya ulipotoa viwango vya pamoja, baada ya washambuliaji wa Paris wa Januari 2015 kupatikana na silaha zilizokuwa zimegeuzwa kuwa za sauti tu, kisha zikarudishiwa uwezo wa kuua. Sheria nyingine ya Uingereza, ya 2006, inabana uuzaji wa silaha za bandia zinazofanana mno na za kweli, lakini ikaacha mlango kwa makumbusho, michezo ya kuigiza na maigizo ya historia. Marekani inaandikisha rashasha za raia tangu 1934, na mwezi Mei 1986 ilifunga daftari hilo kwa zinazotengenezwa upya. Kwa hiyo M2 nyingi unazoziona juu ya malori huko ni za kuunganishwa kwa vipuri halisi kuzunguka bamba bandia la ubavu wa kulia, kwa kuwa kisheria bamba hilo ndilo bunduki yenyewe.

Mwenye cheti mkononi hupenda kusema: nimeruhusiwa, basi. Kweli ameruhusiwa. Lakini cheti kinasema bunduki haipigi. Kama inastahili kuwa juu ya lori lile, hilo cheti hakilisemi.

Kuna jambo jingine linaloniuma zaidi na halizungumzwi vya kutosha. Silaha halisi ikiuawa kwa masharti ya leo, imeharibiwa kama kifaa cha historia. Shika mpini wa kukokia wa M2 iliyolehemiwa: hausogei hata unywele. Fundi hawezi tena kuifungua amwonyeshe kijana jinsi mtutu unavyorudi nyuma pamoja na kitasa chake, mpango ambao John Browning aliubuni na uliomzidi yeye mwenyewe umri, maana alifariki mwaka 1926 na bunduki ikapewa jina la M2 miaka kadhaa baadaye. Ikiwa shabaha ni sura tu, ya mtutu unaoonekana kutoka hatua kumi, basi mfano wa mbao na bomba uliotengenezwa kwa uangalifu unatosha, na hakuna bunduki ya asili iliyotolewa kafara. Wapo wanaocheka bunduki za mbao. Mimi naziheshimu kuliko ya kweli iliyojazwa chuma cha kulehemu ili ipate kusimama juu ya lori lisilo lake.

Ila yapo magari ambayo bila silaha yanakuwa uongo mtupu. Septemba 2, 1967, nchini Vietnam, msafara wa malori 37 uliokuwa ukirudi Qui Nhon kutoka Pleiku ulishambuliwa kwenye Barabara Namba 19. Kwa dakika kumi hivi wanajeshi 7 waliuawa, 17 wakajeruhiwa, na malori yapatayo 30 yakaharibiwa. Madereva hawakungoja. Walichukua malori yao ya mizigo, wakayazungushia mifuko ya mchanga na kuyafunga bunduki. Mvua ikalowesha mchanga, malori yakalemewa, wakahamia kwenye mabamba ya chuma, kisha kwenye malori ya tani tano yenye M2 kadhaa. Waliyapaka rangi na majina makubwa ubavuni. Vita vilipokwisha, mengi yalivuliwa silaha na kurudishwa kwenye mizigo. Moja tu la asili limebaki, Eve of Destruction, katika jumba la makumbusho la usafirishaji la Jeshi la Marekani huko Fort Eustis, Virginia. Lishushe bunduki zake na umefuta kile walichokibuni madereva hao kuokoa roho zao.

Malori ya Chevrolet ya kikosi cha Long Range Desert Group, kilichoanzishwa na Ralph Bagnold mwaka 1940 kuvizia jangwani Libya na Misri, ni hivyo hivyo. Hayakuwa na milango wala paa, na yalibeba bunduki za Lewis na Vickers kwenye nguzo. Bila bunduki yanafanana na gari la shamba lililokatwa kichwa.

Ndiyo sababu sikubali amri moja kwa malori yote. Mwenye lori atafute namba ya chesisi, picha za kikosi, alama za bolti. Ushahidi ukipatikana kwamba lilikuwa na pete, aifunge pete na asiing'oe hata barabarani, kwa kuwa pete haimtishi mtu. Bunduki aipandishe akishafika uwanjani, mtutu juu, na safarini aiteremshe au aivike turubai, jinsi wanajeshi wenyewe walivyofanya kuikinga na vumbi. Ushahidi usipopatikana, ajaze bodi kwa majerikani, kisha aandike kwenye kibao jina la barabara na idadi ya tani.