Turbo kwa bei ya bajaji

Hapa Birmingham, mtu mwenye pauni elfu tatu anaweza kurudi nyumbani na gari la michezo la milango miwili, lenye turbo, ambalo lilipokuwa jipya liliuzwa kwa sifa ya kufika maili 150 kwa saa, yaani kilomita 241. Pauni elfu tatu ni kama shilingi milioni 10 za kwetu. Kwa hela hiyo Dar unapata bajaji mpya, au unaanza mazungumzo na dalali kuhusu Toyota IST yenye namba ya herufi D. Ukiwasimulia ndugu, wanakuhesabu pamoja na wale wanaoegemea Bentley ya watu, wanapiga picha, halafu wanaiweka status.

Kila wiki naulizwa kwa nini "magari ya huko ni ya bure" na kwa nini siwapelekei. Jibu langu ni kwamba si ya bure. Uingereza bei ya gari la zamani imeshushwa na gharama za kuishi nalo. Tanzania bei imepandishwa na ushuru, lakini ukishalipata, kuishi nalo kunawezekana. Anayelinganisha bei mbili za kununulia peke yake hajalinganisha kitu.

Chukueni mfano wa gari ninalolimezea mate sasa hivi: Rover 220 Turbo Coupe. Mpwa wangu yuko Morogoro, anajua magari kuliko mimi. Nilipomtumia tangazo akajibu, "Shikamoo mjomba. Mbona hiyo Rover iko chini hivyo, itapita wapi?" Alikuwa anasubiri kuona mtoto wa Land Rover. Kosa si lake. Kwetu jina hilo ni la lile dume la barabara za vumbi, mpaka Arusha wakalifanyia tamasha lake mwaka 2024. Rover za mjini, zile za wazee wa Kiingereza wenye kofia, hatukuziona nyingi, na hii ya turbo nadhani wengi hawakuwahi kuisikia.

Ilioneshwa Paris Oktoba 1992. Wapenzi wake wanaiita Tomcat, jina la mradi wake tangu kiwandani. Bodi ina undugu na Honda Concerto, kwa sababu Rover na Honda walikuwa wanashirikiana miaka hiyo, lakini injini ya turbo ni ya Rover wenyewe: lita 2, valvu 16, nguvu za farasi karibu 200. Nguvu zote hizo zinakwenda kwenye tairi za mbele, kwa hiyo ukikanyaga mafuta ghafla usukani unataka kuchagua njia yake. Mainjinia wakaweka difu ya Torsen, inayogawa nguvu kati ya tairi mbili za mbele, kupunguza ubishi. Vioo vya milango havina fremu. Paa lina vipande viwili vya kioo unavyoweza kuvichomoa na kuvilaza kwenye buti, ukabaki na anga. Mipira yake ikichoka, unabaki na mvua pia, na huu ni mji wa mvua.

Mwaka 1992 farasi 200 hazikuwa za mtu wa kawaida. Gari hilo lilikuwa la meneja aliyepandishwa cheo. Leo analiangalia mbeba boksi kama mimi, na anaweza kulilipia taslimu.

Limeshukaje hivyo? Kwanza, kampuni yake imekufa. BMW waliinunua Rover mwaka 1994, na mwaka 2000 wakaiachia kwa pauni 10. Si kosa la kuandika, ni noti moja. Wanunuzi wale walijikongoja mpaka Aprili 2005, kiwanda cha Longbridge kikafunga geti na watu kama elfu sita wakakosa kazi. Longbridge iko kusini mwa jiji hili hili. Sehemu kubwa ya eneo la kiwanda sasa ni nyumba na maduka. Ukiongea na wazee wa huku kuhusu jambo hilo, weka chai jikoni kwanza.

Gari la kampuni iliyokufa lina tabu zake. Kariakoo ukiulizia taa ya Corolla ya 1998, muuzaji hapepesi macho, anakuuliza tu unataka original au ya China. Huku ukiulizia vioo vya paa vya Tomcat unapewa namba ya simu ya mzee fulani kijijini mwenye mikweche mitatu nyuma ya nyumba, naye anakuhoji kama mkwe kabla hajakubali kukuuzia. Spea za injini ni afadhali kidogo, kwa kuwa injini hiyo iliwekwa pia kwenye Rover nyingine. Vipande vya bodi ndivyo vya kutafuta kwa tochi. Na kutu haisubiri: inaanzia matao ya tairi za nyuma, inashuka chini kwenye vizingiti, vile vyuma vya chini ya milango. Barabara za huku humwagwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hiyo inamaliza chuma taratibu hata gari likiwa linaoshwa kila Jumamosi.

Pili, na hili ndilo watu nyumbani hawaliamini, ni fundi. Gereji ya kawaida huku si ajabu ikakutoza pauni 70 kwa saa, nyingine zinavuka 100, na VAT ya asilimia 20 iko pembeni inasubiri. Kima cha chini cha mshahara kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Piga hesabu mwenyewe: fundi akishika spana saa moja, wewe umekesha zamu nzima kwenye nyumba ya wazee. Injini hii, ambayo Rover waliipa jina la T, inajulikana kwa gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku, kuvujisha mafuta kwenye kona ya nyuma. Kuifungua, kuisafisha, kupima hedi kama haijapinda, kurudisha, na huku umefungua unabadilisha mkanda wa timing, si kazi ya saa moja. Ukimpa gereji kazi hiyo, bili inaweza kuikaribia bei uliyonunulia gari. Hapo ndipo Mwingereza anapoandika tangazo: "linauzwa, linahitaji kazi kidogo." Bei imeshuka kwa sababu kila anayesoma tangazo anajua saa ya fundi ni kiasi gani.

Sasa ihamishie gari hiyo Ilala. Fundi anafungua hedi asubuhi, anaipeleka kwa mchongaji, anatuma kijana mtaa wa Gerezani, Kariakoo, kwa gasketi, na kama haipo wanaangalia ya gari lipi inakaribia. Siwasifii kila wanachofanya. Nimeshaona gari limerudi na bolti mbili zimebaki kwenye kikombe, fundi anasema "hizo hazina kazi." Lakini wanajua kulirudisha gari barabarani kwa hela aliyonayo mwenye gari, na huo ni ufundi ambao huku umebaki kwa wazee wanaotengeneza magari yao wenyewe uani siku za Jumapili. Subaru Forester za turbo zinazopiga kelele usiku pale Sinza zisingekuwa barabarani kwa hesabu za gereji za Birmingham. Zingekuwa zimeshasagwa zamani.

Tatu ni bima. Leseni ya Tanzania inakuruhusu kuendesha Uingereza miezi 12 tangu uhamie, kisha unaanza upya kama mtoto wa sekondari: leseni ya mwanafunzi, mtihani wa nadharia, mtihani wa barabarani. Miaka yako yote ya Kilwa Road haihesabiwi. Kampuni ya bima inamuona dereva mpya anataka gari la turbo, inakutajia bei ya mwaka inayoweza kuzidi ya gari lenyewe. Kijana akinieleza kwamba amefika juzi na anataka Tomcat, namwambia anunue kwanza kigari cha lita moja, akae nacho miaka miwili mitatu bila ajali, punguzo la bima lijijenge. Hapendi kusikia.

Halafu kuna kodi ya barabara. Magari yaliyosajiliwa kabla ya Machi 2001 hutozwa kwa ukubwa wa injini, na ya lita 2 unalipa zaidi ya pauni 300 kwa mwaka, na ukilinunua leo kodi aliyolipa mwenzio haikufuati, unaanza yako. Na kuna hili linalonichekesha kila nikilifikiria: tangu Juni 2021 katikati ya Birmingham ni eneo la hewa safi, na gari la petroli lisilofikia kiwango cha moshi cha Euro 4 linalipa pauni 8 kwa siku kuingia. Kwa hiyo Tomcat, mtoto wa mji huu, anatozwa kiingilio kwao. London ni pauni 12.50. Atasamehewa akishapita miaka 40, yaani ya kwanza kabisa mwaka 2033, kama kutu itakuwa imebakiza kitu.

Basi nikija nyumbani nisikie mtu anawacheka Watanzania kwa kununua Toyota nyeupe na za fedha tupu, siungani naye tena. Kwetu gari ni akiba. Unalinunua ukijua mtoto akipata nafasi ya chuo utaliuza kabla ya Ijumaa, na bei haitakuwa imeanguka sana. Huku hakuna anayenunua gari la kawaida kwa hesabu hiyo. Huku gari ni gharama tangu dakika ya kwanza, ndiyo maana mtu anaweza kufuata moyo wake akachukua turbo ya 1994: hasara yake ni ndogo, alishaihesabu kama hasara. Uhuru huo nauonea raha, nakiri. Lakini ni uhuru wa mtu ambaye basi linapita mlangoni kwake kila baada ya dakika kumi gari likikataa kuwaka.

Kuhusu kulisafirisha, wapwa na wadogo zangu, msinitumie tena ujumbe. Kenya hawapokei gari lililozidi miaka minane. Tanzania wanapokea, ila mzigo wake mnaujua: ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa, uchakavu asilimia 30 kwa gari lililopita miaka 10, VAT asilimia 18 juu ya hayo yote. TRA wana thamani zao kwenye mfumo, hawatazami risiti yako ya pauni elfu tatu kwa huruma. Na likishatoka bandarini litakutana na matuta ya kijiji cha kwanza, likae juu yake.

Kama kuna kitu cha kupakia kwenye kontena, kwangu ni MOT, ukaguzi wa lazima wa magari wa huku, wala si gari lolote. Kila gari likifikisha miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka: breki, taa, tairi, kutu, moshi. Ada haizidi pauni 54.85. Hata sisi tuna stika ya Nenda kwa Usalama. Tofauti ni kwamba matokeo ya huku yako wazi kwa yeyote. Unaingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali, bila malipo, bila kumuomba mwenye gari ruhusa, na unaona kila ukaguzi: lilifaulu lini, lilifeli kwa nini, odometa, ile mita ya umbali, ilisoma ngapi siku hiyo. Kumbukumbu zinarudi mpaka mwaka 2005.

Hilo la Rover nililolikodolea macho nimelisoma kama gazeti. Namba yake inaanza na M, kwa hiyo ni la 1994 au 1995, na muuzaji hawezi kulivalisha namba ya kulifanya kijana. Sisi herufi ya namba inasema gari liliingia nchini lini, ndiyo maana IST ya 2004 inatembea na namba E inajiita mpya. Muuzaji anasema kutu ni "alama ndogo tu." Kumbukumbu zinasema mkaguzi aliandika kutu ya kizingiti cha kushoto, mwaka uliofuata akaiandika tena, kisha gari likafeli, likafaulu wiki hiyo hiyo. Kuna mtu alichomelea bati haraka haraka. Sijaenda hata kuliona na tayari najua nitainama wapi. Simu moja, nimepunguziwa pauni 400.

Gari la mitumba kwa kawaida hukaguliwa kabla halijasajiliwa kwetu, na odometa iko pale kwenye dashibodi, mkaguzi akitaka kuisoma anaisoma. Namba hiyo ya odometa ikiwekwa hadharani, itafutwe kwa namba ya chasisi, mnunuzi wa yadi ya Kinondoni angejua kama hizo kilomita 68,000 zimetoka Japani au zimerudishwa nyuma na kijana mwenye kompyuta mpakato. Haihitaji sheria ya kutisha wala mtambo wa mabilioni. Madalali watanuna mwezi mmoja, kisha watapandisha bei ya yale machache yaliyotembea kidogo kweli.