Kwani Mwenyeji Haruhusiwi Kutazama Juu?

Hivi Mombasa mtu akitazama juu amevunja sheria gani? Simama Ndia Kuu, inua macho uone roshani za mbao. Hujapumua, mtembeza watalii huyu hapa: "Karibu bosi, nikupeleke Fort Jesus?" Nipelekwe wapi? Ngome naiona ile! Wareno walianza kuijenga 1593, na haijahama tangu hapo!

Namjibu kwa Kimvita, Kiswahili chetu cha Mombasa, ananirudishia Kiingereza. Nikinyamaza, anahamia Kiitaliano. Jamani, mimi na rangi yangu hii nimetoka Roma?

Haya, nikimbilie Barabara ya Nkrumah, kanisa kuu la Kianglikana, lile lenye kuba ambalo ukiliona kwa mbali utadhani ni msikiti. Sijatulia, honi ya bodaboda mgongoni, simu nusura inidondoke. "Twende!" Twende wapi? Nani kakwambia naenda?

Wenzangu, au ni mimi pekee? Maana ukipiga picha mlango wa nakshi, mmoja tu, huzuka mtu kudai ya chai, eti ndiye mlinzi. Mlango wenyewe kufuli limeshika kutu, na nakshi zote zimebandikwa bango la mgombea aliyeshindwa zamani. Sasa ami, walinda nini hapo, bango?