Boksi la Marehemu

Jumamosi ile nilipoingia katika saluni ya shangazi yangu mtaani Kondele, Kisumu, hakuna aliyeniomba nirekebishe chochote, na intaneti ilikuwa ikifanya kazi bila kusitasita. Ni mimi niliyegundua kwamba ruta ya saluni, ambayo shangazi aliinunua kwa mtu ikiwa tayari imewekewa OpenWrt, mfumo huria unaochukua nafasi ya ule wa kiwandani, ilikuwa na toleo la zamani la mfumo huo, nikawashwa na mikono.

Ruta yenyewe, TP-Link TL-WR841N, ilikuwa imegandishwa kwenye rafu kwa gundi, ikatandikwa kitambaa cha kufuma na kutwikwa maua ya plastiki. Nilifahamu vyema kwamba jina hilo moja hubebwa na mashine zisizofanana tumboni: toleo la 8 lina chipu ya Atheros na hifadhi ya megabaiti 4, ilhali la 13 lina chipu ya MediaTek na megabaiti 8, na mfumo uliotengenezewa moja hauwezi kuiamsha nyingine. Nambari ya toleo huandikwa kwenye lebo iliyo chini ya ruta, yaani pale pale palipopakwa gundi. Hata hivyo, boksi la TL-WR841N lilikuwa kando, limejaa vibanio vya nywele, na ubavuni mwake palisomeka bayana kwamba ni toleo la 8. Nikapakua faili la toleo la 8.

Ruta ilikataa. Ilieleza kwamba faili lile halikuwa la mashine hiyo, kisha, kwa adabu ambayo sikuistahili, ikanipa kisanduku cha kutia alama endapo ningependa kulazimisha. Nikalazimisha. Taa zote zikazimika isipokuwa ile ya umeme, iliyobaki imenikodolea.

Wakati huo mteja mmoja alikuwa amesukwa nusu ya kichwa kwa kufuata video ya mtandaoni, na msusi alikuwa amefika kisogoni, mahali ambapo video ilikuwa haijafika.

"Shangazi, nipe dakika tano tu."

"Tano za saa ya nani, mwanangu?"

Nilijitetea kwamba nilikuwa nimesoma boksi kabla ya kugusa kitu. Shangazi akalitazama boksi, akanitazama mimi.

"Hilo ni boksi la marehemu," akasema. "Ile iliyopigwa na radi. Hii ililetwa imefungwa gazeti."

Tuliing'oa ruta kwa kisu cha jikoni, na lebo, iliyochanika nusu, ikaonyesha 13. Bahati nzuri, sehemu inayoiamsha ruta ilikuwa haijaguswa. Nilinunua bando, nikapakua faili la uokoaji la toleo la 13, nikaliita tp_recovery.bin, nikakipa kipakatalishi changu anwani 192.168.0.66, jina na anwani ambazo ruta hiyo huzitafuta ikiokolewa, kisha nikaiwasha ruta huku nimeshikilia kitufe chake cha nyuma kwa kijiti cha kiberiti. Jaribio la nne lilifaulu.

Ukurasa wa hali ya ruta ulipofunguka, mstari wake wa pili uliandika modeli pamoja na toleo lake, v13, kama ulivyoandika asubuhi nilipoupita haraka kwenda kutafuta mahali pa kupakia faili.

Mteja alikuwa amekwisha kujifunga kilemba na kuondoka. Nusu iliyobaki ilisukwa Jumatatu, na nikailipia mimi.