Farasi kwenye viti vya Mustang: pambo au udanganyifu?

Mwaka 1965 Ford ilianza kutoa Mustang yenye viti vya kifahari ambavyo egemeo lake, sehemu ya juu, lilikuwa na kundi la farasi wanaokimbia. Aliyewataka aliwalipia zaidi, na Mustang nyingi zilitoka kiwandani bila farasi hao. Siku hizi gari la namna hiyo likifika kwa fundi wa viti, mwenye gari huuliza: maadamu kava lote linabadilishwa, kwa nini farasi wasiwepo? Wapo wanaotaka nyoka, nembo ya Carroll Shelby aliyezigeuza baadhi ya Mustang kuwa magari ya mbio, kwenye gari ambalo Shelby hakuligusa, na wapo wanaotaka herufi za majina yao.

Wanaopinga nembo hizi za kuongezwa wana hoja nzito. AACA, klabu ya wapenzi wa magari ya zamani ya Marekani, hukagua gari la zamani kwa kulilinganisha na lilivyoweza kutoka kwenye duka la muuzaji, pamoja na nyongeza zilizokuwa kwenye katalogi ya kiwanda. Kwa kipimo hicho, Mustang iliyoundwa katikati ya 1964 haina haki ya farasi, kwa sababu wakati huo viti vya aina hiyo havikuwepo vya kununua. Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, nalo liliweka misingi yake katika Mkataba wa Turin: kinachobadilishwa kiweze kurudishwa kilivyokuwa, na kisijifanye cha asili.

Lakini nao wapenzi wa nembo hawasemi ovyo. Kwa modeli za 1965 na 1966 pekee ziliundwa Mustang zaidi ya milioni 1.2. Kuilinda kila moja kama sanamu ya makumbusho ni kukuza mambo. Tena gari hili liliuzwa kwa sifa ya kuchagua: injini hii au ile, gia, rangi, mapambo, kila mtu kwa mfuko wake. Anayeongeza farasi leo anafanya alichoalikwa kufanya mnunuzi wa kwanza, ila amechelewa miaka sitini.

Kazi yenyewe ndiyo inayonifanya nisite. Farasi wa kiwandani hawakushonwa. Vinaili, plastiki inayofanana na ngozi, ilipashwa joto ikabanwa kwenye kalibu, umbo likachomoza. Cherehani haiwezi kuiga hilo. Anayetaka kitu kinachofanana itambidi anunue kava lililokwisha kuchapwa, na makava hayo bado yanatengenezwa. Nje ya hapo kuna kutarizi au kubandika nembo ya chuma.

Kutarizi kuna masharti. Kipande kitariziwe kikiwa bado bapa, kabla hakijaunganishwa na vingine na kuvutwa juu ya sponji. Kiti kikishavishwa, umechelewa. Kila mchomo wa sindano ni tundu, na tundu kwenye ngozi au vinaili halijifungi. Fundi akijaza nyuzi kwa wingi bila kitambaa cha kushikilia nyuma, ukingo wa nembo hugeuka mstari wa kuchanikia, kama tiketi iliyotobolewa ili ikatwe. Gari likianikwa juani miaka michache, hapo ndipo panapofumuka kwanza.

Chuma ni kibaya zaidi. Pini zake hupita kwenye kava na kukazwa kwa nyuma, na kila anayeegemea anazisukuma, matundu yakapanuka. Ikiwekwa nyuma ya kiti cha mbele inatazamana na uso wa abiria. Kuanzia 1968 kanuni za usalama za Marekani zilidai eneo hilo lipunguze kishindo kichwa kikigonga. Mustang ya 1965 haibanwi na kanuni hiyo, ila kichwa cha mtoto aliyekaa nyuma hakijui gari ni la mwaka gani.

Kuhusu herufi za jina la mwenye gari, ambazo wajuzi huzicheka, naona wamekosea shabaha. Herufi hizo hazimdanganyi mtu. Aliyepanda matatu za Nairobi amekalia viti vilivyotariziwa nembo za kila aina, na hakuna abiria aliyeshuka akidhani amesafiri kwa gari la mbio. Farasi waliochapwa vizuri, wenye rangi sahihi na mwaka sahihi, ndio wenye hatari, kwa kuwa wanaongeza bei kimyakimya. Mnunuzi huviona viti akaamini gari lilizaliwa navyo. Ukweli uko kwenye kibati cha mlango wa dereva, penye namba inayoonyesha viti vya kiwandani vilikuwa vya aina gani, lakini wangapi wanajua kuisoma? Na kibati chenyewe kinaweza kubadilishwa.

Kwa hiyo mimi sina ugomvi na farasi kwenye Mustang ya kawaida, mradi wawe kwenye kava linaloweza kuvuliwa, fremu isitobolewe, na risiti ya fundi iseme wazi kuwa viti vilivishwa upya kwa mtindo ambao gari halikutoka nao. Makava ya zamani, hata yakiwa yamechanika, yakunjwe yahifadhiwe, kwa sababu fundi mwingine atahitaji mishono yake kukata vipande vipya. Chuma ningekikataa. Nyoka wa Shelby ningemkataa pia, risiti iwepo isiwepo, maana risiti hukaa kabatini na nyoka hukaa machoni pa kila mtu.