Mkono wa bibi ukivunjika, POP peke yake haitoshi

Mwanamke wa miaka 60 na kitu anateleza uani penye maji, anajizuia kwa kiganja, mkono unavunjika juu kidogo ya kifundo. Anapelekwa hospitali, anapigwa picha, anafungwa POP, ile plasta ngumu, anaandikiwa dawa ya maumivu na kuambiwa arudi baada ya wiki sita. Akirudi, POP inakatwa, anaambiwa afanye mazoezi ya vidole, basi. Ndivyo alivyotibiwa shangazi yangu, na sina ugomvi na mikono iliyomfunga, kwa maana mfupa uliunga vizuri. Ugomvi wangu ni kwamba hakuna aliyeuliza kwa nini mtu aliyeanguka kutoka kimo chake tu, si juu ya mwembe wala si kwenye bodaboda, avunjike. Miaka michache baadaye alianguka tena, ndani ya nyumba, na safari hii ikawa nyonga.

Hiyo haikuwa bahati mbaya. Utafiti wa miongo kadhaa umerudia jambo lile lile: mtu mzima aliyekwisha kuvunjika mfupa kwa kuanguka kudogo ana hatari ya kuvunjika tena inayokaribia mara mbili ya mwenzake ambaye hajavunjika, na hatari hiyo ni kali zaidi katika miaka miwili ya mwanzo. Mkono wa kwanza ni taarifa. Sisi tunaufunga na kumrudisha mwenyewe nyumbani.

Mfupa wa mtu mzima si jiwe. Ni kama nyumba yenye mafundi wawili wasiopumzika, mmoja anabomoa palipochakaa na mwingine anajaza pengo. Kwa mwaka mmoja takriban asilimia 10 ya mifupa yote huwa imefanywa upya kwa njia hiyo. Ujanani mjenzi anakwenda sambamba na mbomoaji au anamzidi. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni, ambayo ndiyo iliyokuwa ikimshika mkono mbomoaji, inashuka, na miaka ya mwanzo baada ya hapo mfupa hupungua kwa kasi. Daktari Fuller Albright wa Boston aliandika juu ya uhusiano huo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1940. Hakuna maumivu, hakuna uvimbe, hakuna homa. Mama analima, anachota maji, anacheza na wajukuu, na ndani mfupa unazidi kuwa mwepesi.

Mfupa unataka pia kubebeshwa uzito. Wanaanga wakikaa angani hupoteza kati ya asilimia 1 na 1.5 ya mfupa wa nyonga kila mwezi, na hao ni watu wenye afya waliochaguliwa kwa makini. Sasa mfikirie bibi aliyevunjika nyonga, ambaye familia bado inachangishana fedha za vyuma. Amelazwa chali, mguu umefungiwa uzito, wiki ya pili inaingia ya tatu. Hapo ndipo vidonda vya kulalia vinapoanza, nimonia inapoingia, damu inapoganda mguuni, na mfupa uliokuwa dhaifu tangu awali unazidi kuliwa. Hata katika nchi ambako mgonjwa hufanyiwa upasuaji ndani ya siku moja au mbili, takriban mmoja kati ya wazee watano waliovunjika nyonga hufariki kabla mwaka haujaisha. Msibani tunasema alianguka, hakuinuka tena, uzee huo. Mimi sikubali tena kuuita uzee. Kuna ugonjwa hapo, una jina, osteoporosisi, yaani mifupa kuwa myepesi na rahisi kuvunjika, na una dawa.

Kibiongo nacho tumekizoea mno. Mtazame mama ambaye gauni lake la zamani siku hizi linaburura mbele, na kichwa kimetangulia mwili. Mara nyingi pingili za mgongo wake zimebonyea moja baada ya nyingine, na kila moja iliyobonyea ni mvunjiko kamili kama ule wa mkono. Takriban theluthi mbili ya mivunjiko ya pingili haigunduliki inapotokea, kwa sababu mtu hudhani ni mgongo tu wa kuinama shambani. Kwetu lazima pia kifua kikuu cha uti wa mgongo kichunguzwe, kwa hiyo si kila kibiongo ni osteoporosisi. Lakini kumtazama mama akipungua kimo mwaka hadi mwaka bila hata kumpiga picha ya mgongo, hilo silielewi.

Nimesema dawa ipo. Alendronati ilipitishwa Marekani mwaka 1995. Mwaka uliofuata yalichapishwa matokeo ya jaribio la wanawake 2,027 ambao tayari walikuwa na pingili zilizovunjika. Kwa muda wa miaka mitatu hivi, asilimia 15 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa walipata mvunjiko mpya wa pingili, na kwa waliopewa alendronati ikawa asilimia 8. Mivunjiko ya nyonga ilipungua kwa nusu. Haki miliki ya dawa hiyo ilikwisha Marekani mwaka 2008, na leo inatengenezwa na viwanda vingi. Inamezwa mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji, kisha mtu anakaa wima au anatembea nusu saa bila kurudi kulala, maana kidonge kikinasa kooni kinaunguza. Si dawa ya kila mtu. Mwenye figo mbovu sana haimfai, na wachache walioitumia kwa miaka mingi wamepata mvunjiko wa ajabu wa paja au tatizo la mfupa wa taya, ndiyo maana madaktari huipitia upya baada ya miaka mitano hivi. Yote hayo ni mambo ya kusimamiwa na daktari. Si sababu ya kutoitaja kabisa.

Kwa anayesumbuliwa na vidonge ipo asidi ya zoledroniki, dripu moja kwa mwaka. Jaribio lililonigusa zaidi ni la mwaka 2007, kwa watu 2,127 waliokuwa wametoka tu kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Waliopata dripu hiyo walivunjika mara chache kuliko wasioipata, na vifo vilipungua kwa asilimia 28. Yaani kutibu mfupa baada ya nyonga kuunganishwa kuliokoa roho za watu.

Zipo na dawa mpya zinazomhimiza yule fundi mjenzi, na mojawapo ina mizizi hapa Afrika. Miongoni mwa Makaburu wa Afrika Kusini kuna familia ambazo mifupa yao hujijenga kupita kiasi mpaka fuvu linabana ubongo na mishipa ya uso. Daktari Herman Hamersma aliwahudumia kwa miaka mingi. Mwaka 2001 jeni husika ilitambuliwa, ikafahamika kuwa wagonjwa hao wanakosa protini ya sklerostini, ambayo kazi yake ni kuzuia ujenzi wa mfupa. Kutokana na ujuzi huo ilitengenezwa romosozumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019. Naistahi sana kazi hiyo, na wagonjwa wale walioteseka ndio walioufungua mlango. Lakini ni sindano ya bei kubwa, na inabeba onyo kuhusu mshtuko wa moyo na kiharusi. Sisi tusikae tukiisubiri wakati dawa ya miaka ya 1990 bado hatujaitumia.

Tunachotumia kwa wingi ni vidonge vya kalsiamu na vitamini D. Mama akilalamika mifupa, duka la dawa lina kopo tayari. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2022, la watu 25,871, lilionyesha kwamba kumeza vitamini D kila siku hakukupunguza mivunjiko kwa watu wazima wa kawaida. Huko Keneba, Gambia, wajawazito waliokuwa wakila kalsiamu kidogo walipewa miligramu 1,500 kwa siku, na baada ya kujifungua mifupa yao wenyewe ilionekana kuwa na madini machache kuliko ya wale ambao hawakupewa. Mwili uliokwisha kuzoea kidogo una hesabu zake. (Mjamzito aliyeandikiwa kalsiamu kliniki asiiache, hiyo ni kinga ya kifafa cha mimba, jambo jingine kabisa.) Dagaa wanaoliwa na mifupa yao, mtindi, maziwa na kutembea ni vizuri, na anayetibiwa osteoporosisi asipungukiwe kalsiamu wala vitamini D. Ila kopo hilo pekee kwa mtu aliyekwisha kuvunjika si tiba, na kumuuzia kana kwamba ni tiba ni kumnyima nafasi yake.

Nitaambiwa Mwafrika ana mifupa migumu. Ni kweli kwamba wanawake weusi wa Marekani huvunjika nyonga mara chache kuliko weupe. Lakini huko huko wanapovunjika, hupimwa na kutibiwa kwa nadra zaidi, na sababu mojawapo ni imani hiyo hiyo. Nasi tunazidi kuishi miaka mingi, kwa hiyo idadi ya wazee wanaoanguka itapanda hata kama hatari ya kila mmoja ni ndogo.

Nitaambiwa pia mashine ya kupima uzito wa mfupa haipo wilayani. Kweli, lakini kikokotoo cha FRAX, kilichotoka Sheffield, Uingereza, mwaka 2008, kinaweza kukadiria hatari bila mashine. Kinauliza umri, uzito, kimo, sigara, pombe, baridi yabisi, kama umewahi kuvunjika, kama mzazi wako alivunjika nyonga, kama unatumia steroidi. Swali hilo la mwisho kwetu ni zito. Prednisoloni na deksamethasoni hununuliwa bila cheti, wapo wanaozimeza ili wanenepe, na hizo ni miongoni mwa dawa zinazokula mfupa kuliko zote. Mimi ningeongeza na swali la tenofovir, mojawapo ya dawa za VVU, ambayo hupunguza mfupa kidogo mwanzoni. Mtu asiache ARV kwa ajili hiyo hata siku moja, ila waliozianza wakiwa vijana sasa wanaingia utu uzima, na kliniki zao zinapaswa kuliweka hilo akilini.

Maswali hayo yanaweza kuulizwa na tabibu yeyote, na siku nzuri ya kuyauliza ni ile ya kukata POP. Mgonjwa amekuja mwenyewe, mara nyingi na mtoto wake, faili liko mezani. Ampime kimo, aulize dawa anazotumia, amwombee kipimo cha figo, amtume akapigwe picha ya mgongo, na kama hali inaruhusu amwandikie kidonge cha wiki na tarehe ya kurudi. Wewe uliyemsindikiza mama, shangazi au bibi, tabibu asipouliza, uliza wewe kabla hamjatoka chumbani: na mfupa wenyewe, utatibiwa kwa dawa gani?