Yule Mama Aliyemsahau Baba Mkwe

Juzi kwenye kikundi chetu cha kusoma hapa Iringa, mwenzetu mmoja aliifunika Suite Française, riwaya ya Irène Némirovsky, akasema haendelei nayo. Vita vya Wazungu, matajiri wa Paris na magari yao, sisi vinatuhusu nini? Neno lile limenikera mpaka leo.

Vinatuhusu sana. Riwayani, Juni 1940 Wajerumani wanaikaribia Paris, na Madame Péricand, mama wa kanisa kabisa, anafungasha: watoto, mashuka, vyombo vya fedha, hadi paka. Mwanzoni njiani watoto wake wanawagawia wakimbizi wengine peremende, naye roho yake kwatu. Maduka yakiisha vitu, anawakataza papo hapo. Kisha usiku mji waliolala unashika moto. Anawatoa watoto, anaokoa na mali. Akishafika salama ndipo anakumbuka kwamba baba mkwe wamemwacha.

Kikundi kizima kilimlaani. Mimi namtetea. Sisemi alifanya vyema. Mzee yule anafia kwa masista, mbali na watu wake, na hilo halisafishiki. Lakini mtu anayekimbia ana mikono miwili tu, na asiyeweza kutembea ndiye wa kwanza kuponyoka. Irène Némirovsky aliyajua hayo kwa kuyaishi. Familia yake iliyakimbia mapinduzi ya Urusi, na riwaya hii aliiandika Wajerumani wakiwa wameshaitwaa Ufaransa. Julai 1942 polisi wa Kifaransa wakamkamata, Agosti akafia Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wajerumani. Binti zake wakalitunza daftari lake, kitabu kikatoka 2004.

Yule mwenye benki wa riwayani aliyempakia kimada wake na mizigo, wafanyakazi wake wakaenda kwa miguu, huyo simtetei.

Na anayesema haya ni ya mbali aulize Ifunda na Kidugala. Familia za Wapolandi zilizong'olewa kwao baada ya uvamizi wa 1939 zilipitia Siberia na Iran, zikaja kuishi kambini huku kwetu. Kabla yao, Oktoba 1894, Wajerumani waliivamia Kalenga, ngome ya Mkwawa. Habari za Mkwawa tunazo, hadi za fuvu lililorudishwa 1954. Je, akina mama waliotoka ngomeni na watoto mgongoni? Bibi zao wasioweza kukimbia walibebwa na nani? Nataka riwaya ya hao, iandikwe na mtu wa huku, na isimfiche mama wa Kihehe aliyemwacha mzee wake nyuma.