Maaskofu wa huku wanaandika barua, wa kwetu wanapewa gari

Jumapili baada ya ibada huku Uingereza bibi mmoja mzungu kanikamata mlangoni na kalamu, ati nisaini. Nikadhani mchango, nikaanza kupapasa mfuko. Kumbe ni barua ya kwenda kwa mbunge, wazee wanaoshindwa kulipia hita winta hii wasaidiwe. Nikasaini bana, lakini njia nzima nyumbani nilikuwa na hasira.

Manake kwetu Uganda mbunge na kanisa mnajua vile inakuwaga. Anafika ibada imefika nusu, anapelekwa kiti cha mbele, vigelegele, anapewa maikrofoni, bahasha inatoka, anaahidi mabati na saruji, na hapo nani atamuuliza zahanati haina dawa tangu lini? Mchungaji? Mchungaji anangoja mabati yaliyobaki. Askofu naye siku ya kusimikwa anakabidhiwa gari jipya zawadi ya Rais, na sisi tunapiga makofi. Sisemi wamenunuliwa wote, nasema ni ngumu kumkemea mtu na funguo zake ziko mfukoni mwako.

Huku Juni 2022 maaskofu wa Anglikana wenye viti bungeni, wale wa House of Lords, walisaini barua gazetini wakisema kupeleka waomba hifadhi Rwanda ni aibu kwa Uingereza. Serikali ikanuna. Basi, ikanuna tu.

Sasa najua mnaandika nini huko chini kwenye maoni. Kyeyo, yaani vibarua vya ughaibuni, imempanda kichwani, mwambieni makanisa ya huko ni matupu. Ni kweli, matupu, hata Pasaka unachagua benchi, na kwaya yetu ya Walukuba, kule Jinja, ikija hapa hawa watu watalia machozi. Mwingine ataniambia kanisa letu ndilo linatutibu, hospitali ya Mengo iko tangu 1897, ile ya Lacor haikufungwa hata vita ilipochacha kule kaskazini. Nani amebisha? Mimi mwenyewe nimetibiwa hospitali ya misheni. Lakini kujenga wodi ni kitu kimoja na kumwangalia mkubwa usoni umuulize dawa zimeenda wapi ni kitu kingine.

Halafu msiniambie hayo ni mambo ya wazungu, hapo ndo mnaniudhi kabisa. Nenda Westminster Abbey, juu ya mlango wa magharibi kuna sanamu za mashahidi 10 wa karne ya 20, wamewekwa 1998, na mmoja ni Janani Luwum wetu, askofu mkuu wa Anglikana Uganda, mtoto wa Kitgum. Maaskofu walimwandikia Amin Februari 1977 kuhusu watu wanaouawa na kupotea, tarehe 16 akauawa, serikali ikasema ajali ya gari. Nimesimama pale shingo juu nikawaambia watalii huyo ni wa kwetu, hata hawakugeuka, shauri yao. Na Odama wa Gulu 2003, askofu mkuu mzima wa Katoliki, alilala barabarani na watoto waliokuwa wanawakimbia waasi wa Kony usiku. Walifundishwa London hawa?

Kila 16 Februari kwetu ni sikukuu, wakubwa wanaenda kumkumbuka Luwum, na wanakaa wapi? Kiti cha mbele.

Mtasema, "Rudi basi useme mwenyewe." Nakuja Desemba. Shangazi ameshaniandika mifuko ya saruji bila kuniuliza na nitalipa, ila maikrofoni ikinifikia nauliza habari ya zahanati, mheshimiwa akiwa palepale, shangazi akitaka ajifunike kitenge usoni.